Neno "matanga" kwenye safu ya hali

Jumatano, tarehe 14. Asubuhi jua, saa tisa mvua ya mawe, sasa ukungu. Majani ya kambi ya juu yamechanika na hakuna aliyechuma tena baada ya hapo.

Naandika nikiwa bado ofisini, saa kumi na moja na nusu. Wenzangu wameshateremka. Kwa kawaida huandika nyumbani baada ya kula, lakini leo nataka kuandika nikiwa mbele ya kompyuta yenyewe, nisije nikayapamba mambo njiani.

Leo mwanamke mmoja amerudi na kukuta hana nyumba, na sababu ni mimi.

Kwa ninyi wachache mnaosoma blogu hii na hamnijui: mimi ni karani wa rekodi katika shamba moja la chai, si mbali sana na Litein. Shamba silitaji, na majina ya watu nimeyabadilisha. Langu nimeliacha. Nilimaliza kidato cha nne, nikaajiriwa kusimama kwenye mizani ya majani, kisha nikaletwa ofisini kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Mambo ya databesi nimejifunzia hapa hapa, kwenye kiti hiki.

Kila mfanyakazi ana mstari wake katika databesi: jina, namba, kambi, nyumba anayolala, na safu moja inayoitwa "hali". Safu hiyo ilitengenezewa maneno matatu tu. Kazini. Likizo. Ametoka. "Ametoka" ni mtu aliyeacha kazi, au aliyeachishwa, au aliyestaafu, au aliyekufa. Kila wiki mbili databesi hutoa orodha ya nyumba zilizo wazi, na Bwana Rotich, ofisa wa nyumba, huibeba hadi kambini pamoja na makufuli yake. Nyumba hapa ni ya kampuni. Ukiwa na kazi una nyumba, ukitoka unatoka na vyombo vyako.

Atieno alifika dirishani kwangu saa mbili na robo. Ni mchumaji wa kambi ya juu na amekaa katika shamba hili miaka mingi kuliko mimi. Kwao ni upande wa ziwa. Wiki sita zilizopita mumewe alifariki, naye akaondoka na mwili kwenda kumzika. Hakuna asiyejua habari hiyo hapa. Nilisimama kwenye mstari na wengine kumuaga marehemu kabla gari halijaondoka. Na kila mtu anajua pia kwamba kwao mjane haondoki nyumbani siku ya pili baada ya mazishi. Kuna mambo ambayo lazima yaishe kwanza, na mengine hungoja ndugu walio mbali wafike.

Alikuwa na begi moja begani na ufunguo mkononi.

"Madam Chebet," akasema, "ufunguo wangu umekataa."

Nilidhani ni kutu. Nikamwambia amtafute fundi.

"Si kutu. Kuna pazia ya mtu kwa dirisha yangu. Na mtoto analia ndani."

Nikampigia Rotich. Alifika akiwa na faili yake kwapani, hana haraka. Si mtu mbaya, na naandika hivyo nikimaanisha. Alifungua faili, akapitisha kidole kwenye orodha, akanigeuzia.

"Namba ishirini na mbili ilikuwa kwa orodha ya nyumba wazi," akasema. "Nikampatia kijana wa mashine ya kuchuma. Ana bibi na mtoto mchanga, walikuwa wanangoja. Vyombo vya mama tumepeleka stoo ya mbolea. Mimi nafuata karatasi, Chebet. Na karatasi inatoka wapi? Si hapa kwako?"

Nyuma ya Atieno kulikuwa na foleni ya wanawake wanaongoja barua za kwenda zahanati. Foleni ya dirisha langu haijawahi kunyamaza.

"Kompyuta imemfukuza mama wa watu!" mmoja akasema.

"Hiyo kompyuta niletee kwangu iangalie mzee wangu," mwingine akajibu. "Huyo hajafanya kazi miaka kumi na bado ako ndani ya nyumba, anauliza chai."

Walicheka. Atieno naye akatabasamu kidogo, kwa heshima tu, kwa sababu walikuwa wanajaribu kumpunguzia. Afadhali angenitukana.

Nami nikamwambia, "Ni kompyuta, mama. Acha tuangalie."

Nilisema hivyo mbele ya watu. Ni kompyuta.

Nilimwomba msaidizi wa meneja ruhusa ya nusu saa, nikaenda na Atieno stoo. Sikulazimika kwenda, na njia nzima nilijisifu kimoyomoyo kwamba mimi ni karani mwenye utu. Stoo ya mbolea ina harufu inayoshika kooni. Vyombo vyake vilikuwa vimepangwa vizuri tu ukutani: godoro, sufuria, ndoo mbili, meza, jiko, na sanduku la bati lenye nguo za marehemu. Sanduku lilikuwa limeegemea magunia, na mfuniko haukuwa umefunga sawasawa. Mbolea ikipata unyevu huu wetu inatoa maji yenye chumvi. Maji hayo yalikuwa yameingia.

Alitoa koti moja. Bega zima lilikuwa limekauka na kuwa gumu, lina madoa meupe kama ramani. Akalikung'uta. Akalikunja. Akalitazama tena.

"Hii ilikuwa iende kwa shemeji mkubwa," akasema.

Nguo za marehemu hugawiwa watu wa kwao. Ndizo zilizomrudisha wiki hii, kabla hata ya kazi. Nyumba alikuwa ameifunga kwa kufuli yake, na aliamini kwamba zitabaki zilivyo hadi atakapozijia.

Nilimsaidia kuhamisha sanduku hadi mlangoni penye hewa.

Niliporudi nilifungua mstari wake. Namba, jina, kambi ya juu, nyumba 22. Kwenye safu ya hali niliona neno moja.

Matanga.

Nilikaa nikilitazama. Halikupaswa kuwepo. Ukifungua fomu ya databesi, hapo kwenye hali kuna orodha ya kuteua yenye maneno yale matatu, na huwezi kuandika la nne hata ukitaka. Fomu inakukatalia. Basi neno hili lilipita wapi?

Lilipita kwangu.

Manyapara wa kambi hawatumii fomu. Kambi ziko mbali, mtandao unapotea, na mzee wa miaka hamsini na kitu hawezi kuteremka kila siku kuja kubonyeza kompyuta. Kwa hiyo mwaka jana niliwapangia spredishiti ya simu. Kila Ijumaa wananitumia, nami naimimina moja kwa moja kwenye jedwali kwa amri fupi niliyoiandika mwenyewe, na ambayo nilijivunia sana. Amri ile haipiti kwenye fomu. Na orodha ya maneno matatu inaishi ndani ya fomu peke yake. Kwenye jedwali lenyewe safu ya hali ni safu ya maandishi tu. Ukiiandikia "matanga" inapokea. Ukiiandikia "ndizi" pia ingepokea.

Halafu ile ripoti ya nyumba. Niliisoma upya, mstari kwa mstari. Inasema: kama hali ni kazini au likizo, nyumba ina mtu, vinginevyo, nyumba iko wazi. Ilipoandikwa, "vinginevyo" ilikuwa neno moja tu, ametoka. Hakuna aliyefikiria kwamba siku moja ndani yake angeingia mama aliyekwenda kumzika mumewe.

Nilimwita Mzee Langat, nyapara wa kambi ya juu. Alifika saa tisa kasoro na gambuti zake zenye matope, akakataa kuingia ndani asichafue sakafu. Nikamwonyesha.

"Mzee, hili neno ni wewe uliandika?"

"Ni mimi."

"Lakini maneno ni matatu. Tulisema siku ile ya mafunzo."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyejibu mkubwa.

"Ulitaka niandike nini, Chebet? Likizo? Likizo iko na fomu, iko na sahihi ya meneja. Huyu mama aliondoka na maiti saa kumi na mbili asubuhi, angengoja sahihi ya nani? Niandike kazini, na hayuko kwa shamba? Huo ni uongo, na mimi sijawahi kukuandikia uongo. Niandike ametoka? Atieno hajatoka. Ameenda matanga. Nikaandika matanga."

Ndipo mawe yakaanza. Paa la ofisi ni mabati matupu, na mvua ya mawe ikipiga huwezi kusikia hata unachofikiri. Tulibaki hivyo, yeye mlangoni, mimi kwenye kiti, neno lake kwenye kioo kati yetu. Mawe yalipokwisha, majani yalikuwa yametapakaa hadi kwenye veranda. Akaangalia nje, akasema, "Kesho hakuna kazi kambi ya juu," akaondoka. Hakuniuliza kosa ni la nani. Nadhani alijua.

Sasa sehemu ambayo nimekuwa nikiizunguka.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Miaka miwili iliyopita, tulipoacha kadi za karatasi, makao makuu yalimtuma kijana anayeitwa Kimutai kututengenezea databesi. Yeye aliliweka sharti la maneno matatu ndani ya jedwali lenyewe. Ukileta neno nje ya matatu, kutoka njia yoyote, jedwali linakataa. Mwezi wa kwanza lilinikataa mara nyingi. Wakati huo tulikuwa tunaingiza kadi za zamani kwa mafungu, na mstari mmoja ukiwa na kasoro, fungu zima linarudishwa na maandishi mekundu. Ukitaka kuongeza neno jipya, lazima Kimutai abadilishe muundo wa jedwali, na Kimutai yuko mjini, na Kimutai hapokei simu. Nilichoka. Meneja alikuwa ananiuliza kila asubuhi kadi zimefika wapi.

Siku alipokuja shambani, nikamwomba aliondoe hilo sharti. Nilimwambia orodha ikae kwenye fomu, ambako naweza kuibadilisha mwenyewe.

Alikataa kwanza. Nakumbuka alivyosema, tukiwa tumesimama nje hapo karibu na tangi la maji. "Fomu ni askari wa geti. Lakini hebu angalia hili shamba lako. Lina ua? Watu wanaingia kupitia wapi?"

Nikacheka. Shamba la chai halina ua. Geti liko barabarani, lina askari na kitabu cha kutia sahihi, na watu wote wanakatiza kati ya mistari ya chai.

"Sasa mlango wa nyumba usipokuwa na kufuli," akasema, "huyo askari wa geti anakusaidia nini?"

Nikamjibu kwamba mimi ndiye peke yangu ninayeingiza data, na njia ni moja, na anipunguzie kazi. Niliongea kwa ukali kidogo. Alinitumia karatasi niitie sahihi, kwamba sharti limeondolewa kwa ombi la ofisi ya rekodi. Nikatia. Alikuwa mdogo kwangu na nilifurahi kumshinda.

Mwaka mmoja baadaye nikafungua njia ya pili kwa mikono yangu, na sikulikumbuka lile sharti hata kidogo.

Saa tisa na nusu nilimpigia. Leo alipokea. Nilimweleza yote, bila kujitetea, na nilitaka anizomee. Hakunizomea. Aliuliza tu, "Mama yuko wapi sasa?" Nikamwambia yuko stoo na sanduku lake.

Kisha akanieleza jambo ambalo ningekuwa na subira miaka miwili iliyopita ningelisikia. Alisema kosa lake lilikuwa kuyafunga maneno ndani ya muundo wenyewe. Maneno yanayoruhusiwa yawekwe kwenye jedwali lao dogo, na safu ya hali ifungwe kwa hilo jedwali. Ukihitaji neno jipya unaongeza mstari mmoja hapo, huhitaji mtu wa mjini. Lakini neno ambalo halimo haliingii, liwe limetoka kwa fomu, kwa spredishiti, au kwa mkono wa mkurugenzi mwenyewe. Fomu iendelee kuwa na orodha yake ya kuteua kwa ajili ya kumsaidia mtu asikosee. Ila fomu isiwe ndiyo inayolinda.

"Na ile ripoti," akasema, "isiwe na 'vinginevyo'. Nyumba iwe wazi pale tu mtu ametoka. Kitu ambacho haikielewi, iseme haikielewi."

Nilikaa nikafanya hivyo. Nilitengeneza lile jedwali dogo, nikaweka maneno matatu, nikaongeza la nne: matanga. Kisha nikaiamuru databesi ifunge safu ya hali.

Ikakataa.

Maandishi mekundu yale yale niliyoyachukia. Ilisema siwezi kufunga, kwa sababu ndani tayari kuna mistari inayovunja sharti. Nikatafuta kila mstari wenye neno nje ya yale matatu ya zamani. Baada ya Atieno kulikuwa na sita.

Mmoja hali yake ni "Longisa". Huyo namfahamu, ni mpaliliaji aliyevunjika nyonga, na amelazwa hospitali kule. Mmoja "uzazi". Wawili "matanga", mtu na dada yake, wa kambi ya chini. Mmoja "korti", amekwenda kutoa ushahidi wa kesi ya shamba la baba yake na kesi inaahirishwa kila siku. Wa mwisho ameandikiwa sentensi nzima: "mtoto mgonjwa atarudi Jumatatu". Manyapara hawakuwa wanavuruga data yangu. Walikuwa wananieleza. Kila Ijumaa walinieleza mtu yuko wapi na kwa nini, nami nilimimina bila kusoma.

Wote sita wamo katika orodha ya nyumba wazi ya Ijumaa hii. Rotich alikuwa ameshahesabu makufuli.

Nimesikia watu wakilalamika, na mimi mwenyewe nimelalamika, kwamba databesi inayokataa ni ngumu, haina huruma, haielewi maisha ya watu. Leo naona ingenikataa siku ile, Ijumaa ya wiki ile Atieno alipoondoka, ningekasirika, ningempigia Langat simu, ningemuuliza hili neno ni nini, naye angenieleza kwa dakika moja. Sharti halingejua lolote kuhusu msiba. Lingenilazimisha tu kuuliza.

Lakini sitaki pia kujidanganya upande wa pili. Sharti la zamani, lenye maneno matatu tu, huenda lingemlazimisha Langat kuchagua. Na mtu mwingine, asiye mkaidi kama Langat, angechagua "ametoka" ili faili ipite. Nyumba ingekwenda vile vile, na mimi nisingepata hata neno la kuniambia kilichotokea. Kwa hiyo kufuli peke yake haitoshi kama orodha yenyewe inawasahau watu. Nimeliandika hili ili siku nyingine nisije nikamhubiria mtu kana kwamba nimeelewa kila kitu.

Nilirekebisha mistari ya wale sita. Nikaongeza maneno: hospitali, uzazi, ruhusa. Nikafunga safu. Safari hii ilikubali. Nikajaribu kumimina spredishiti yenye neno la uongo, ikanirudishia. Nikabadilisha ile amri yangu ili mstari mbaya uwekwe kando peke yake na mingine ipite, na ule mbaya nimpigie nyapara. Ripoti nayo nimeiondolea "vinginevyo". Kazi yote hiyo ilichukua chini ya saa moja.

Chini ya saa moja. Miaka miwili niliikimbia.

Wale sita wamenusurika, na hawatajua. Atieno bado.

Saa kumi na dakika ishirini nilikwenda kwa Rotich na orodha mpya isiyo na wale sita. Nikamwambia amrudishe Atieno kwenye nyumba yake. Akaweka kalamu chini.

"Chebet, huyo kijana wa mashine nimempa funguo mimi. Nikimtoa, ataenda kwa meneja, na meneja ataniuliza kwa nini. Nitasema nini? Kompyuta? Kompyuta haiandiki barua." Akafikiri. "Meneja anatia sahihi fomu za nyumba Ijumaa. Kabla ya hapo bado naweza kugeuza. Lakini niletee barua ya ofisi ya rekodi. Iseme kosa ni la nani."

Alinipa njia ya kukwepa pia, kwa wema. Alisema naweza kuandika "hitilafu ya mitambo". Nilirudi ofisini na maneno hayo mawili mdomoni na yalikuwa matamu. Mashine za kuchuma zimepunguza watu wengi hapa, na kila mtu anajua zamu ya makarani inakuja. Karani aliyeandika kwa mkono wake kwamba alifungua mlango na watu wakakosa nyumba, hatangojewa.

Niliandika rasimu ya kwanza na hitilafu ya mitambo. Nakiri hilo. Niliichapisha kabisa, nikaisoma, ilikuwa barua nzuri. Na meneja, akiisoma, angempigia fundi aje aangalie mitambo, fundi angesema mitambo ni mizima, na Ijumaa ingepita.

Nikaichana. Ya pili niliandika hivi: kwamba sharti la safu ya hali liliondolewa kwa ombi langu, kwamba niliingiza data bila kuisoma, kwamba Atieno hakuwahi kuacha kazi na nyumba namba 22 ni yake, kwamba nyapara aliandika ukweli. Nikatia sahihi. Rotich aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Haya. Kesho saa mbili kwa meneja, wewe na mimi. Akikubali, mama anaingia kwake Ijumaa."

Nilimkuta Atieno kwa jirani yake, jikoni, akimenya viazi kama mtu wa nyumba. Nilimwambia kwamba haikuwa kompyuta. Nilimweleza kwa kifupi nilichofanya, bila maneno ya databesi. Alisikiliza akiendelea kumenya.

"Sasa utafukuzwa?" akauliza.

"Sijui, mama."

"Mm." Akadondosha kiazi kwenye sufuria. "Na huyo msichana mwenye mtoto, mtampeleka wapi?"

Sikuwa nimelifikiria. Nimeshika barua, nimejiona jasiri siku nzima, na mjane aliyenyang'anywa nyumba ndiye aliyeuliza. Rotich ameshanijibu nilipopita kwake: mume atarudi kwenye bweni la wanaume, na msichana na mtoto watakwenda kwa mamake, Kiptere, hadi nyumba ipatikane. Nyumba haijulikani itapatikana lini.

Msichana huyo anaitwa Chepkoech. Hakufanya kosa lolote. Alipewa funguo na ofisa, akaingia, akatundika pazia. Nilipokuwa nikiteremka kutoka kwa Atieno alikuwa bombani, mtoto mgongoni, anafua. Aliniita kwa furaha kabisa, akaniuliza kama mawe yameharibu bustani yangu ya sukuma wiki. Akasema wamepata nyumba kavu, haivuji hata tone, na kwamba Mungu amewakumbuka.

Nikamjibu vizuri. Nikapita.

Bado hajui, na orodha yoyote ninayoweza kutengeneza haitamwambia. Kesho saa moja, kabla ya kwenda kwa meneja, nitapanda hadi namba 22 na kugonga. Nikichelewa atasikia kwa Rotich, mbele ya majirani, na makufuli yakiwa mkononi mwake. Nimekaa hapa nusu saa nikitafuta sentensi ya kwanza nitakayomwambia, na sijaipata. Nitaanza vipi?